Kumzalisha Buibui Si Kumchimbua: Somo Kuhusu Tarantula

Katika maeneo makavu ya Kenya, mchungaji au mkulima anaweza kukutana na shimo la mviringo ardhini, safi, lisilo na kichuguu wala nyayo za panya. Huenda ndani yake anaishi mmoja wa buibui wakubwa zaidi barani Afrika. Wanasayansi humwita Pelinobius muticus, na makao yake ya asili ni Kenya na Tanzania. Miguu yake ikinyooshwa huweza kufikia upana wa sentimita 20. Rangi yake ni ya kutu, na miguu ya nyuma ya jike ni minene kwa kuwa humsaidia kuchimba. Shimo lake laweza kushuka zaidi ya mita moja.

Buibui huyu yumo katika kundi linaloitwa tarantula. Ulaya, Marekani na Asia kuna watu wanaofuga tarantula nyumbani kama wengine wanavyofuga paka au samaki wa mapambo. Kwa sababu hiyo buibui wa Kenya wana soko, na soko hilo linaweza kumfikia kijana wa kijijini kwa sura ya mgeni mwenye chupa za plastiki anayeahidi pesa kwa kila buibui atakayechimbuliwa. Somo hili linaeleza jinsi tarantula wanavyozalishwa, kwa nini kumchimbua jike ni hasara ya miaka mingi, na sheria inasemaje.

Jinsi tarantula wanavyozalishwa

Hatua ya kwanza ni kutofautisha dume na jike. Tarantula hukua kwa kujivua gamba. Mfugaji hulichukua gamba lililovuliwa, akalilainisha kwa maji na kukagua upande wa ndani wa tumbo. Jike ana kifuko kidogo cha kuhifadhi mbegu za kiume, na alama ya kifuko hicho huonekana kwenye gamba. Dume hana.

Dume akikomaa hufuma utando mdogo, akaweka mbegu zake juu yake, kisha akazivuta kwa vikono viwili vifupi vilivyo pembeni mwa mdomo. Baada ya hapo huanza kumtafuta jike. Kwa kawaida maisha yake yaliyobaki ni mafupi, miezi kadhaa au mwaka mmoja hivi.

Hatua ya pili ni kuwakutanisha. Jike hulishwa vizuri kwanza, kwa mende na panzi, kwa sababu jike mwenye njaa anaweza kumla dume. Dume hukaribia mdomo wa shimo na kugongagonga ardhi kwa miguu. Jike akiridhia hutoka, na wakimaliza dume huondoka haraka. Mfugaji hukaa karibu ili awatenganishe mambo yakiharibika.

Hatua ya tatu ni kungoja. Jike huzihifadhi mbegu kwa wiki au miezi kabla ya kutaga. Akijivua gamba kabla ya kutaga, kifuko kile hutoka pamoja na gamba na mbegu zote hupotea. Kazi huanza upya kwa kutafuta dume mwingine.

Hatua ya nne ni mayai. Jike huyafunga ndani ya mfuko wa utando na kuulinda. Akisumbuliwa kwa mwanga, kelele au mtikisiko anaweza kuula mfuko wenyewe. Mayai yakianguliwa, watoto huwa wadogo sana, na wakikua kidogo huanza kulana. Kwa hiyo kila mmoja hutengwa katika chombo chake na kulishwa wadudu wadogo.

Hatua ya tano ndiyo ndefu kuliko zote. Majike wa tarantula huchukua miaka kadhaa kukomaa. Wengi huishi zaidi ya miaka 10, na wa aina fulani huvuka 20. Buibui wetu wa mashimoni ni miongoni mwa wanaokua polepole. Anahitaji pia udongo wa kina wa kuchimba. Akiwekwa ndani ya kisanduku chenye udongo haba hukosa pa kujificha na kudhoofika.

Kwa nini jike mmoja ana uzito

Mkazi anaweza kuuliza: kama jike mmoja hutaga mayai mengi, kuna ubaya gani kumwondoa mmoja au wawili?

Jibu liko katika miaka. Porini watoto wengi huliwa na ndege, mijusi, nge na buibui wenzao, na ni wachache mno wanaofikia utu uzima. Jike mkubwa aliye shimoni ndiye aliyebaki baada ya miaka mingi ya hatari hizo, na angeendelea kutaga kwa miaka mingine. Akichimbuliwa, nafasi yake haijazwi msimu unaofuata. Pia shimo lake ni rahisi kulitambua, na jike halihami ovyo. Kwa hiyo mchimbaji mwenye jembe anaweza kuwamaliza majike wa eneo dogo kwa siku chache.

Kuna ujanja mwingine unaopaswa kujulikana. Jike aliyechimbuliwa huenda tayari amebeba mbegu. Akitaga ndani ya kisanduku cha mfanyabiashara, watoto wake huuzwa kwa jina la "waliozaliwa kwa mfugaji". Maneno hayo ni kweli, lakini hakuna uzalishaji uliofanyika hapo, kwa sababu mama ametolewa porini na dume alibaki porini.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unalitazama jambo hili kwa makini. Ili mnyama ahesabiwe kuwa amezalishwa katika ufugaji, haitoshi kwamba alizaliwa ndani ya kisanduku. Wazazi wake nao lazima wawe walikutana chini ya uangalizi wa mfugaji, na wawe walipatikana kwa njia halali. Baadhi ya tarantula wamo katika orodha ya mkataba huo. Wale wa jenasi ya Brachypelma kutoka Mexico waliingizwa mwaka 1994, na wale wa Poecilotheria kutoka India na Sri Lanka mwaka 2019.

Sheria ya Kenya

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiwahusu ndovu na simba pekee. Tafsiri yake ya wanyamapori inamgusa mnyama yeyote wa asili anayeishi porini, na buibui yumo. Mtu kumiliki shamba hakumpi ruhusa ya kumkamata, kumfuga, kumuuza au kumsafirisha buibui aliyemo. Ruhusa hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Hapa pana mgawanyo wa kazi ambao huwachanganya wengi. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti inashughulikia udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo leseni ya biashara kutoka kaunti haiwi kibali cha kufuga au kuuza wanyamapori.

Anayedhani kwamba viumbe wadogo hawaangaliwi akumbuke kesi ya chungu ya mwaka 2025. Vijana wawili kutoka Ubelgiji walipatikana Naivasha wakiwa na chungu takriban 5,000, wengi wao malkia, waliofungwa katika vichupa vyenye pamba. Mwezi wa Mei mwaka huo mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliokuwa na kesi yao kando, walipewa adhabu iyo hiyo. Mkusanyaji wa Kenya hakusazwa.

Njia halali ipo

Kufuga viumbe wadogo kwa faida si jambo geni nchini. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 katika Kaunti ya Kilifi, unawawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza mabuu waliojifunga kwa maonyesho ya ng'ambo. Mkulima hukusanya mayai ya vipepeo, akawalisha viwavi majani ya miti ya msituni, na kwa hiyo ana sababu ya kutaka msitu ubaki umesimama.

Tofauti ni kwamba kiwavi humlipa mkulima baada ya wiki chache, ilhali buibui hudai miaka. Anayefikiria ufugaji wa tarantula aanze na ofisi ya KWS kabla ya kushika jembe, aeleze aina ya buibui na atakapowapata wazazi, kisha angoje kibali kwa maandishi. Atenge pia mtaji wa kumvusha miaka kadhaa bila mauzo.

Maswali ya kujikumbusha

*Nikikuta shimo la buibui shambani nifanye nini?* Liache. Buibui huyu hula wadudu na hana haja na mtu. Wazuie watoto wasilichokoe kwa vijiti.

*Akiniuma je?* Meno yake ni makubwa na maumivu yanaweza kuwa makali. Osha jeraha kwa maji na sabuni, usilichanje wala kulinyonya, kisha nenda katika kituo cha afya kilicho karibu.

*Mgeni akiniomba nimchimbulie buibui kwa malipo?* Mwombe kibali cha KWS. Asipokuwa nacho, kataa, kisha toa taarifa kwa KWS, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

*Aliyezaliwa kwenye kisanduku ni wa halali?* Uliza mama yake alitoka wapi. Kama alichimbuliwa bila kibali, mtoto naye ni zao la uhalifu huo.