JE, NI KWELI STARINGI HAFI?

Mwaka huu nimeona heri niandike juu ya jambo linalotugawanya kila siku wakati wa mapumziko, tena bila mshindi kupatikana. Jambo lenyewe ni James Bond, yule mpelelezi wa Uingereza mwenye nambari 007. Najua kuna watakaouliza, "Sinema za Kizungu zinatafuta nini katika jarida la Kiswahili?" Subirini kidogo. Mabishano yetu yote huendeshwa kwa Kiswahili, na mimi naona jibu lake limo ndani ya daftari letu la fasihi simulizi.

MHUSIKA MWENYEWE

Bond aliumbwa na mwandishi Mwingereza aitwaye Ian Fleming, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la wanamaji la nchi yake. Kitabu chake cha kwanza cha Bond, Casino Royale, kilitoka mwaka wa 1953. Sinema ya kwanza, Dr. No, ilitoka 1962, mwaka mmoja kabla ya Kenya kupata uhuru. Kuanzia hiyo hadi No Time to Die ya 2021, mfululizo huo mkuu ulifikisha sinema 25. Waigizaji waliovaa viatu vya Bond ni sita: Sean Connery (sinema 6), George Lazenby (1), Roger Moore (7), Timothy Dalton (2), Pierce Brosnan (4) na Daniel Craig (5). Asiyeamini na ajumlishe mwenyewe.

MAONI YA MASHABIKI

Niliwauliza mashabiki wa kila aina: wenzangu wa darasani, wazee wa mtaani, kinyozi mmoja wa Langas na kijana anayewawekea watu sinema kwenye flashi. Majibu yao yalikuwa mengi lakini yote yaliangukia mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wanaosema staringi hafi. Kwa asiyejua, staringi ni yule mhusika mkuu wa sinema, yule ambaye sisi sote tunamshangilia. Sheria hii haijaandikwa popote, lakini kila mtoto aliyewahi kulipa na kuingia katika kibanda cha vidio anaijua kama anavyojua jina lake. Maadui wanammiminia staringi risasi kama mvua na zote zinamkosa. Yeye akifyatua moja tu, adui chini! Sasa katika No Time to Die, Bond anakufa. Hajifanyi amekufa, anakufa kabisa, makombora yanamwangukia akiwa amesimama juu ya jengo kisiwani. Yule kinyozi aliniambia hivi huku mashine ikilia sikioni mwangu: "Mimi nilikasirika sana. Kama staringi anakufa, basi mimi nilikaa saa karibu tatu nikingoja nini?"

Fungu la pili ni la wale wanaoamini kwamba Bond wa kweli ni mmoja tu, na huyo mmoja ni yule waliyemwona wakiwa vijana. Mzee mmoja jirani yetu hataki kusikia mwingine ila Roger Moore, ati hao wengine ni wa kuiga. Wenzangu wengi wanashika Daniel Craig kwa sababu anatokwa na damu, anachoka, na akipigwa unaona kweli amepigwa.

Fungu la tatu halijali mwigizaji wala mwisho. Hawa wanasema sinema ni msimulizi. Wengi wetu hapa Eldoret tulianza kuonja sinema kupitia sauti za wasimulizi kama DJ Afro, ambao huongea juu ya picha kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, wakieleza, wakitania, na kuwapa wahusika majina ya huku kwetu. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliniambia kwamba sinema bila msimulizi ni kama chai bila sukari: utainywa, lakini kwa nini?

Wote hao wana haki ya kusema. Lakini wakibishana hawasikizani, kwa maana kila mmoja anazungumza juu ya aina tofauti ya hadithi bila kujua. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

SUNGURA HAZEEKI

Mkumbukeni Sungura wa hurafa. Leo anamdanganya Fisi, kesho Simba, kesho kutwa anaiba maji kisimani. Akinaswa jioni hii, jioni ijayo fanani akianza, "Hapo zamani za kale," Sungura yupo tena, mzima wa afya, masikio yamesimama. Hazeeki. Hana kovu. Ngano ya leo haikumbuki ya jana. Hata Abunuwasi wa hekaya ni hivyo hivyo. Mhusika wa namna hii tunamwita bapa, kwa kuwa habadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Msije mkadhani bapa ni tusi. Dhima ya Sungura ni kutuonyesha kwamba mdogo mwenye akili anaweza kumshinda mkubwa mwenye nguvu, na kazi hiyo hawezi kuifanya akiwa kaburini.

Bond wa miaka 40 ya kwanza, toka 1962 hadi 2002, alikuwa Sungura aliyevaa suti. Sura ilibadilika mara tano lakini mhusika akabaki yule yule, hakuongeza hata mvi moja. Je, Sungura wa nyanya yako ana sauti sawa na Sungura wa nyanya yangu? La hasha! Fanani ni tofauti, Sungura ni mmoja. Kwa hiyo wale wa fungu la pili wanaogombania Moore na Craig kwa kweli wanagombania mafanani. Na wale wa fungu la tatu wamekaribia ukweli zaidi yetu sote, maana wamemtambua fanani waziwazi na kumlipa.

Tusiseme pia kwamba huu ni ujanja wa Wazungu peke yao. Mwandishi Elvis Musiba wa Tanzania alitupa mpelelezi wetu, Willy Gamba, ambaye alianza katika kitabu cha Kufa na Kupona (1974) na kurudi katika vitabu vingine kama Kikosi cha Kisasi na Njama. Gamba hupigania Afrika, hasa ukombozi wa nchi za Kusini zilizokuwa bado chini ya wakoloni na makaburu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar naye alikuwa na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, aliyeanza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Hao nao hurudi kitabu baada ya kitabu. Msomaji anajua watarudi, na kwa sababu hiyo anafungua ukurasa bila hofu.

LIYONGO ALIKUFA

Lakini sisi tuna utanzu mwingine, mighani, na shujaa wake tunamwita jagina. Jagina si kama Sungura. Jagina hufa.

Chukua Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini mwa Kenya, ambaye maisha yake Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utendi mnamo 1913. Liyongo alikuwa na nguvu na shabaha hata mtawala wa Pate akamwogopa na kumtia gerezani. Mamake akampelekea mkate wa wishwa, na ndani ya mkate mmeficha tupa. Naam, Bond anapewa saa inayokata chuma na wataalamu wa serikali, lakini Liyongo alipewa tupa na mamake, miaka mingi kabla ya sinema kuwako! Ngoma ikipigwa nje na watu wakiimba, yeye akakata minyororo bila kusikika, akatoroka. Mpaka hapo ungesema huyu ni staringi na hafi.

Halafu adui akampata mwanawe. Mtoto akamuuliza babake siri ya kifo chake, baba akamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Mtoto akaja usiku akamchoma. Liyongo akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde, akafa hivyo hivyo. Watu kwa siku kadhaa wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Jirani zetu Waluo nao wana Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukuingia. Mke aliyeoa kutoka kwa maadui ndiye aliyegundua kwamba uhai wake umo kivulini. Kivuli kikachomwa, jagina akaanguka. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa rudi kwa Bond. Kuanzia Casino Royale ya 2006, watengenezaji walianza upya na Daniel Craig, lakini safari hii kila sinema ikaikumbuka iliyotangulia. Mpenzi wake Vesper anakufa katika hiyo ya 2006, na katika ile ya 2021 Bond bado analizuru kaburi lake. Anayekumbuka huzeeka, na anayezeeka atakufa. Bond alitoka kwa kina Sungura akahamia kwa kina Liyongo, akawa mhusika duara. Angalia hata namna ya kufa kwake: adui amemtia sumu ambayo akimgusa binti yake mdogo, mtoto atakufa. Basi anabaki kisiwani. Liyongo aliuawa na mwanawe, Bond akafa ili mwanawe aishi. Kwa hiyo yule kinyozi hakudanganywa. Yeye aliingia kusikiliza hurafa akasimuliwa mighani, na hakuna aliyemwambia kabla.

STARINGI WA NANI?

Kuna jambo lingine ambalo sheria ya staringi hulificha. Hapa karibu, katika vilima vya Nandi, Koitalel arap Samoei aliwaongoza Wanandi kupinga Waingereza na reli yao kwa miaka mingi. Tarehe 19 Oktoba 1905 alipigwa risasi katika mkutano ulioitwa wa amani. Aliyempiga ni afisa Richard Meinertzhagen. Hii si ngano, ni historia. Afisa huyo baadaye akawa mkuu wa ujasusi wa jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza, akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake za Kenya mwaka wa 1957, na akafa 1967 akiwa na umri wa miaka 89.

Katika kitabu chake mwenyewe, staringi ni nani? Ni yeye, na kweli hakufa. Katika masimulizi ya Nandi, yeye ni adui, na staringi aliuawa. Kila mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Kwa hiyo tukisema staringi hafi, mara nyingi tunasema tu kwamba aliyebaki hai ndiye aliyepata nafasi ya kusimulia.

KWA NINI NAJALI

Mwalimu anaweza kuuliza, haya yote yana faida gani? Nitajibu kwa kifupi. Kulikuwa na kijana wa bodaboda mtaani kwetu aliyebandika maneno hayo nyuma ya pikipiki yake: STARINGI HAFI. Hakuvaa kofia ya chuma. Alikuwa mcheshi, na alikuwa akitubeba bure siku za mvua tukichelewa shule. Mwezi wa Aprili aligongana na lori usiku, na tukamzika. Pikipiki ilitengenezwa, sasa inaendeshwa na ndugu yake. Maneno bado yako pale.

Simlaumu, na silaumu sinema. Hurafa ni tamu na tunaihitaji. Mtu aliyechoka mchana kutwa anastahili hadithi ambayo mtu wake anarudi. Lakini kwa sheria ya Sungura tunacheka tu, maishani haitufai. Sisi tuna mwili mmoja, tunakumbuka jana, tunazeeka. Sisi ni watu wa mighani. Ndiyo maana nadhani babu zetu walihifadhi tanzu zote mbili: moja ya kututoa hofu, nyingine ya kuturudishia hofu kidogo ili tufike nyumbani.

Kwa hivyo, wenzangu, mkibishana tena juu ya Bond bora, kwanza ulizeni: je, tunazungumza juu ya Sungura au Liyongo? Mtaona kelele zimepungua nusu, na hoja zimeongezeka. Mwishoni mwa sinema ile ya 2021, baada ya majina yote kupita, maandishi yanasema James Bond atarudi. Mashabiki wengine walicheka wakasema huo ni uongo. Mimi naona si uongo. Fanani mwingine anakohoa, anataka kuanza.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja mhusika mmoja bapa na mmoja duara katika sinema au kitabu ulichosoma mwaka huu. Toa sababu, si jina tu.

2. Je, msimulizi wa sinema anaweza kuitwa fanani? Hadhira yake inashiriki vipi?

3. Waulize wazee wa kwenu wakusimulie jagina mmoja wa jamii yenu. Alikufaje, na ni nani aliyeijua siri yake?