Kabla hujamwita mkaidi, mpime masikio

Mdogo wangu wa Oldeani, nimeisoma barua yako kwa makini. Unasema mwanao wa miaka saba ukimwita hageuki, mwalimu analalamika kuwa ni mkaidi na hamalizi kazi, na bibi yake ameshasema mtoto huyo ana kichwa kigumu kama babu yake. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba kila msimu wa baridi sikio lake la kushoto hutoa usaha. Hilo uliloliweka mwisho ndilo ningeanza nalo mimi.

Nalijibu hapa hadharani kwa sababu si lako peke yako. Wasomaji wengi wa kona hii wana mtoto, mume au mzee nyumbani ambaye anagombezwa kila siku kwa kosa la kutosikia. Mwenye tatizo la macho utamwona akipapasa. Mwenye tatizo la masikio anaonekana kama amekudharau, na sisi dharau hatuivumilii, hasa ikitoka kwa mtoto.

Sasa tulielewe hilo sikio. Huko kwenu mteremkoni mwa mlima, mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka msituni, watoto wanashinda na mafua, na jikoni moto wa kuni unawaka tangu alfajiri. Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua kwenda ndani ya sikio. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo vijidudu vya mafua hupanda kirahisi, na moshi unazidisha kuvimba. Maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto analia usiku kucha, kisha ngoma inatoboka na usaha unatoka. Hapo maumivu hupungua ghafla. Mama anashukuru Mungu kwamba mtoto amepona, kumbe ndipo tatizo linapoanza kuweka makazi. Ngoma iliyotoboka haipokei sauti vizuri, na usaha ukiendelea zaidi ya wiki mbili unahesabiwa kuwa ugonjwa sugu.

Najua mnachoweka humo. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maziwa ya mama, maji ya majani, wengine hata mkojo. Najua pia mnachochokolea: unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu. Acheni, nawaomba. Sikio lenye tundu halitaki kimiminika chochote ambacho mganga wa zahanati hakukiandika, na njiti inasukuma nta ndani zaidi au inatoboa ngoma iliyokuwa nzima.

Linachotaka ni kukaushwa. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kisokote kiwe utambi mwembamba, kiingize taratibu sikioni, kiache kilowe, kitoe, weka kingine kikavu, endelea hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Fanya mara tatu kwa siku, na kila utambi uliotumika utupe. Kwa usaha uliozidi wiki mbili, zahanati huongeza dawa ya matone ya kuua vijidudu, nayo huwekwa baada ya kukausha, kwa sababu tone likidondokea juu ya usaha halifiki popote. Wakati wa kuoga ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando. Na ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio likawa limesukumwa mbele, usingoje kupambazuke. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi yameingia kwenye mfupa na ubongo uko jirani.

Hapa niwatoe hofu ndugu zangu Wamaasai na Wadatoga mnaoniuliza kama kutoboa na kupanua ndewe kunaleta uziwi. Hapana. Usikivu uko ndani, ndewe ni nyama ya nje. Kidonda cha kutobolea kitunzwe kisitunge usaha, basi.

Kupima ni rahisi kuliko mnavyodhani. Ukiwa nyumbani, simama nyuma ya mtoto asikuone wala asiguswe na upepo wa mkono wako, mwite kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya chini. Mtoto mchanga ashtuke kwa kishindo, wa miezi sita ageukie sauti yako, wa miaka miwili aunganishe maneno mawili. Usijidanganye na sauti anazotoa mtoto wa miezi michache, kwani hata mtoto kiziwi huanza kwa kutoa sauti kama wenzake. Hicho ni kidokezo tu, si kipimo.

Kipimo chenyewe kiko hospitali. Shukeni Karatu mjini, kwenye hospitali ya Kilutheri au FAME, waangalie kwanza ndani kwa taa. Mara nyingine tatizo lote ni nta iliyoganda, inatolewa, na mtu anatoka nje akishangaa jinsi jogoo wanavyowika. Likionekana kubwa zaidi, ombeni rufaa kwa madaktari wa masikio, pua na koo wa hospitali ya KCMC, Moshi. Mtoto atavishwa vipokea sauti kichwani, atasikilizishwa milio myembamba na minene, na kila akisikia atanyoosha mkono. Majibu huandikwa kwa desibeli, kila sikio peke yake. Anayesikia mlio wa desibeli 20 au chini ya hapo yuko sawa. Kunong'ona ni kama 30, mazungumzo ya kawaida ni kama 60, kwa hiyo mtoto anayeanza kusikia kwenye 50 darasani anapata vipande vya maneno, na vingine anabuni. Huyo ndiye mnayemwita mkaidi. Mtoto mchanga asiyeweza kunyoosha mkono naye ana kipimo chake, kidude kidogo kinawekwa sikioni akiwa amelala.

Umeuliza pia kuhusu baba mkwe, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya kahawa hadi akastaafu, na sasa redio yake inasikika mpaka kwa jirani. Umri unapunguza usikivu, hilo ni kweli, lakini kelele za kazini ziliutangulia. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Ni kama mahindi machanga: ng'ombe akipita mara moja huinuka, akipita kila siku hayainuki tena. Vinyweleo hivyo vikifa havioti upya. Desibeli 85 kwa saa nane ndiyo mpaka, na kila zikiongezeka tatu muda salama unapungua kwa nusu, hivyo kwenye 100 una robo saa tu. Ninyi vijana wa mashine za kusaga na kukoboa, wa misumeno ya mnyororo, na wa spika kubwa za kanisani na harusini, kama lazima upaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imeshazidi. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vizibio vya masikio. Viombe bila aibu.

Baba mkwe atafaidika na shimesikio, kile kifaa kinachokuza sauti. Asinunue cha mtaani kabla ya kupimwa, maana kinatakiwa kupangwa kwa kiwango cha sikio lake. Mwambieni pia kwamba wiki za kwanza vijiko na viti vitampigia kelele, avumilie. Asiyesaidiwa na shimesikio kabisa, hasa mtoto aliyezaliwa hivyo, anaweza kupandikizwa kifaa ndani ya sikio, upasuaji ambao hospitali ya Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Ni ghali, na unafaa zaidi mtoto akiwa mdogo. Na mtoto atakayebaki kutumia lugha ya alama hana pungufu lolote. Tuna Lugha ya Alama ya Tanzania, tuna chama cha viziwi, CHAVITA, na shule za viziwi kama ya Mwanga na ya Buguruni, ila msimpeleke mtoto huko mkabaki nyumbani bila kujifunza hata salamu kwa mikono.

Na mnaonyonyesha, nawabembeleza, kamilisheni chanjo. Ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na zile za wiki ya 6, 10 na 14 zinakinga vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo. Magonjwa haya yanaweza kuondoka na masikio ya mtoto hata akipona. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Dawa nazo, kama kwinini na sindano za gentamaisini, zinaweza kudhuru masikio. Usizikatae zikihitajika, ila mwambie daktari mapema ukisikia mlio masikioni. Na mtu mzima anayeamka sikio moja limeziba ghafla bila mafua wala nta, awahi hospitali ndani ya siku tatu. Dawa ipo, lakini haisubiri.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Wiki hii mpeleke zahanati na utambi wako mkononi, waoneshe unavyokausha. Wakati unasubiri rufaa, zungumza na mwalimu, umwombe amkalishe mbele, sikio la kulia likimwelekea yeye, na amtazame usoni kabla ya kuanza kusema. Bibi yake mwoneshe ukurasa huu. Karatasi ya kipimo ikitoka, niandikie namba za kila sikio, tuzisome pamoja.