Somo la Wiki: Vitz Ipi?

Ndugu wa nyumbani wakiagiza spea, mara nyingi hutaja jina la gari tu: "Plagi za Vitz." Jina halitoshi.

Tusome

Toyota Vitz za kwanza zilianza kuuzwa Japani mwaka 1999. Kwa nje zinafanana, lakini chini ya boneti si zote zilizo sawa. Ikiwa nambari ya chasisi inaanza na SCP10, injini ni 1SZ-FE ya lita 1.0. Ikianza na NCP10, injini ni 2NZ-FE ya lita 1.3. Spea ya moja huenda isiingie kwenye nyingine, na ikishasafirishwa hadi Mombasa, kuirudisha ni hasara.

Tazama 2NZ-FE. NZ ni ukoo wa injini, na 2 ni nambari yake katika ukoo huo. F huonyesha mpangilio wa vali. E hutuambia kwamba petroli hunyunyizwa kwa umeme, kwa hiyo usitafute kabureta!

Magari ya Marekani, kuanzia modeli za 1981, yana nambari yenye herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki, zisije zikachanganywa na 1 na 0.

Mifumo ya injini

- Mafuta: tangi, pampu, chujio
- Kuwasha: plagi, koili
- Kupoza: rejeta, pampu ya maji, feni
- Kulainisha: oili na chujio lake
- Umeme: betri, oltaneta, stata

Fundi mzuri huuliza kwanza ni injini gani, kisha ni mfumo upi unaosumbua. Hapo ndipo anaposhika spana.

Sarufi

Gari limezimika – magari yamezimika.
Injini imezimika – injini zimezimika.

Mfano wa ujumbe

"Shikamoo mjomba. Tafadhali nitumie picha ya nambari ya chasisi, tusije tukanunua plagi zisizofaa."

Zoezi la nyumbani

Gari likiwa limezimwa na injini imepoa, fungueni boneti pamoja na mzazi. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto; maji yanayochemka huruka na kuunguza.

1. Nakili nambari ya chasisi.
2. Taja kwa Kiswahili vitu vitano unavyoviona.
3. Kila kimoja ni cha mfumo gani? Andika sentensi kamili, uje nazo Jumamosi.