Elimu, Akili na Hekima katika Imani ya Mkristo

Jambo ninalotaka kulieleza lilianza nyumbani wakati wa likizo. Mjomba wangu ni mvuvi, tena ni mtu wa kusali sana. Nilipomwambia kwamba nataka kusoma fizikia na kemia kidato cha tano, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mpwa wangu, angalia. Wapo waliosoma hayo, wakarudi hawana Mungu." Sikuwa na jibu, na kwa kuwa nampenda, maneno yale yalinikosesha usingizi.

Niliporudi bwenini, Jumapili moja nilipata ruhusa ya kwenda kutazama misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Wageni wengi hutaka kuona mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, ulipoletwa na Chuma na Susi na wenzao. Mimi nilimfikiria zaidi Padre Charles Sacleux. Mfaransa huyu alifika pwani yetu mwaka 1879, akakaa Bagamoyo na Unguja karibu miaka 20. Alifundisha dini, walakini hakuona dhambi kuchuma majani porini, kuyakausha na kuyapeleka kwa wataalamu wa Paris. Hata leo iko jamii ya mimea iitwayo Sacleuxia kwa jina lake. Tena aliandika maneno ya watu wa pwani, lahaja kwa lahaja, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilipigwa chapa Paris mwaka 1939 na 1941, naye amepita umri wa miaka 80. Nani atasema padre huyo alimwibia Mungu wakati wake?

Na Mfalme Sulemani je? Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chaeleza kwamba alinena habari za miti, wanyama, ndege na samaki. Jambo hilo limewekwa pamoja na sifa za hekima yake, wala si pamoja na makosa yake, ambayo hayakuwa machache.

Lakini hofu ya mjomba si ya bure. Pwani hii imepata kuona vijana wavuao kwa baruti. Kijana wa namna hiyo anayo elimu, maana ajua kazi ya baruti. Anayo na akili, maana ajua samaki walipo na saa ambayo doria haipiti. Mara moja tu, matumbawe yaliyokua miaka mingi yamevunjika, na samaki wadogo wamekufa pamoja na wakubwa. Alichokosa ni kujiuliza, jirani yangu atavua nini kesho? Swali hilo halimo katika kitabu changu cha kemia. Nililisikia kwanza kwa mjomba mwenyewe.

Basi nilipokwenda tena nyumbani nilimwuliza, "Mjomba, kabla ya kutweka tanga wewe hutazama nini?" Akasema hutazama mwezi, upepo na mawingu. "Na kusali?" "Nasali pia." Nikamwuliza kama kutazama mawingu ni kutomwamini Mungu. Akacheka sana, akasema nimekuwa mjanja kama wakili. Hakuniambia kwamba amekubali. Ila alfajiri aliniamsha twende wote katika ngalawa, nimweleze njiani kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu.