Kompyuta Katika Somo la Lishe: Mzani Kwanza, Hesabu Baadaye

Somo la lishe lina bahati ambayo masomo mengine ya sayansi hayana: maabara yake hufunguliwa kila siku saa ya chakula cha mchana. Unga, maharage na mafuta vyote huweza kupimwa kabla ya kuingia sufuriani. Hata hivyo, katika shule nyingi somo hili hubaki kuwa orodha ya kukariri: wanga hutia nguvu, protini hujenga mwili, vitamini hulinda. Sababu mojawapo ni wingi wa hesabu. Mlo wenye vyakula vitatu, ukichunguzwa kwa virutubishi vitatu tu, hudai kuzidisha mara 9 na kujumlisha mara 3. Kipimo cha chakula kimoja kikibadilika, kazi hurudiwa. Kipindi cha dakika 40 huisha kabla darasa halijalifikia swali lenyewe: je, mlo huu unamtosha mwanafunzi?

Hapo ndipo programu ya kompyuta inapoweza kumsaidia mwalimu wa chakula na lishe, au wa sayansi kimu kama somo liitwavyo nchini Kenya. Lakini msaada huo una masharti yake, nayo yafaa yafahamike mapema.

Programu inayohitajika

Shule haihitaji programu ya pekee wala ya gharama kubwa. Lahajedwali yatosha. Hii ni programu inayogawa kioo cha kompyuta katika safu na mistari, na kila mahali safu inapokutana na mstari pana kisanduku kinachoweza kuwekwa neno, tarakimu au fomula. Lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na kupendwa sana na watu wa biashara. Leo zipo zinazotolewa bila malipo, kama vile LibreOffice Calc.

Tarakimu za virutubishi hupatikana katika majedwali ya viini vya vyakula. Tanzania ilichapisha majedwali yake mwaka 2008, na Kenya ilitoa toleo jipya la majedwali yake mwaka 2018. Majedwali hayo huonyesha kiasi cha kila kirutubishi katika gramu 100 za chakula.

Mfano wa mlo mmoja

Na ichukuliwe sahani ya mwanafunzi mmoja wa shule ya bweni: ugali wa gramu 200 za unga wa dona, maharage makavu gramu 60, na mafuta ya kula gramu 10. Tarakimu zifuatazo ni za takriban, nazo ni kwa kila gramu 100:

Unga wa dona: kilokalori 360, protini gramu 8, chuma miligramu 3.5.
Maharage makavu: kilokalori 335, protini gramu 23, chuma miligramu 8.
Mafuta ya kula: kilokalori 880, protini 0, chuma 0.

Katika lahajedwali, safu A huandikwa jina la chakula, safu B uzito wake kwa gramu, na safu C, D na E tarakimu za jedwali. Mstari wa 1 ukiwa wa vichwa, fomula ya nguvu itokayo katika unga ni =$B2*C2/100. Fomula hiyo hunakiliwa kwa vyakula na virutubishi vingine, kisha kila safu ya majibu hujumlishwa.

Unga utatoa kilokalori 720, maharage 201 na mafuta 88. Jumla ni 1,009. Protini itakuwa gramu 16 za unga na gramu 13.8 za maharage, jumla gramu 29.8. Chuma kitakuwa miligramu 7 na miligramu 4.8, jumla miligramu 11.8. Inafaa mwanafunzi mmoja akokotoe mstari mmoja ubaoni kwa mkono, ili darasa lithibitishe kwamba fomula imeandikwa sawasawa.

Kosa ambalo kompyuta haliioni

Na ifikiriwe kwamba kundi moja lilichelewa kufika jikoni, likapima maharage gramu 60 yakiwa yamekwisha kupikwa, kisha likaandika 60 katika kisanduku kile kile. Kompyuta itajibu vile vile: protini gramu 13.8. Haitasita wala kuonya.

Jibu hilo si la kweli. Maharage yanapochemshwa hunywa maji, na gramu 100 za maharage yaliyopikwa huwa na protini takriban gramu 9 tu badala ya 23. Gramu 60 zilizopimwa zina protini gramu 5.4. Kundi hilo limeihesabu protini ya maharage zaidi ya mara mbili na nusu. Ikiwa mpishi ataitumia hesabu hiyo kugawa chakula, kila mwanafunzi atapunjwa, na karatasi itaonyesha kwamba wote wamekula vyema.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, mwanafunzi sharti aulizwe mambo matatu: chakula kilipimwa kikiwa kibichi au kimepikwa? Jedwali linazungumzia hali ipi? Na kilichobaki sahanini kilipimwa? Mwanafunzi ajizoeze pia kuyatilia shaka majibu yenye tarakimu nyingi baada ya nukta. Mzani wa jikoni unaokosea kwa gramu 5 hauwezi kuzaa jibu lenye usahihi wa sehemu ya mia ya gramu.

Kubadili kisanduku kimoja

Manufaa makubwa ya lahajedwali ni kwamba huruhusu swali la "ikiwa". Madini ya chuma ni mfano mzuri. Mlo uliotajwa una miligramu 11.8, lakini mwili haufyonzi zote. Dona na maharage vina asidi ya fitiki, ambayo hushikana na chuma na kukizuia kufyonzwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani hutumia makadirio ya ufyonzaji ya asilimia 5, 10, 12 na 15, kulingana na aina ya milo.

Darasa na liongeze kisanduku kimoja cha asilimia hiyo. Kwa asilimia 5, mwili utapata takriban miligramu 0.6, kwa asilimia 10, miligramu 1.2, kwa asilimia 15, miligramu 1.8. Chakula ni kile kile, sahani ni ile ile, lakini jibu limekuwa mara tatu. Kwa kulinganisha, kiwango cha mashirika hayo kwa msichana wa miaka 15 hadi 17 aliyekwisha kuvunja ungo ni takriban miligramu 3 za chuma kilichofyonzwa kwa siku nzima.

Sasa hoja hutoka kwenye hesabu na kuingia kwenye sayansi ya chakula. Ni nini kinachoweza kuiongeza asilimia hiyo? Vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Basi chungwa au pera liliwe pamoja na mlo. Kuloweka maharage na kuyamwaga maji yake, au kuchachusha unga wa uji, hupunguza asidi ya fitiki. Chai inywewayo pamoja na mlo huzuia ufyonzaji, hivyo yafaa inywewe wakati mwingine. Lahajedwali haiwezi kueleza kwa hakika chungwa moja litaongeza asilimia ngapi. Huonyesha tu kwamba jambo hilo ni kubwa. Wala haipimi damu. Mwanafunzi anayechoka na kuishiwa pumzi apelekwe kituo cha afya, kwani upungufu wa damu huletwa pia na malaria na minyoo.

Kutoka jikoni hadi ghalani

Programu hiyo hiyo hufaa katika teknolojia ya chakula. Gunia la mahindi lenye kilo 100 na unyevu wa asilimia 20 likaushwe mpaka asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki kwa nafaka hiyo. Litakuwa na uzito gani?

Wanafunzi wengi hutoa 13.5 katika 20 na kujibu kwamba kilo 6.5 za maji zimeondoka. Hilo ni kosa, kwa sababu asilimia ya mwisho huhesabiwa kwa uzito mpya, si ule wa kwanza. Kitu kisichobadilika ni mahindi yenyewe bila maji, yaani kilo 80. Fomula ni: uzito wa mwisho = uzito wa mwanzo × (100 − unyevu wa mwanzo) ÷ (100 − unyevu wa mwisho). Jibu ni 100 × 80 ÷ 86.5, yaani kilo 92.5. Maji yaliyoondoka ni kilo 7.5. Hivyo gunia lililopungua kilo 6.5 tu bado halijakauka vya kutosha.

Kilo hiyo moja si jambo dogo. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwadhuru watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Katika jedwali la vyakula mahindi ya namna hiyo yangeandikwa kilokalori na protini sawa na mahindi salama, kwa maana jedwali halina safu ya sumu. Sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho wala haiondolewi na mapishi ya kawaida. Kukausha mapema, kupima na kuchambua punje ni kazi za mikono ambazo hakuna fomula itakayozifanya.

Shule yenye kompyuta moja

Kompyuta moja yatosha darasa zima, kazi ikigawanywa. Kundi la kwanza lipime jikoni, la pili lisome majedwali, la tatu liandike katika lahajedwali, na la nne lihakiki ubaoni. Wiki ifuatayo makundi yabadilishane. Umeme ukikatika, daftari lenye mistari na safu zile zile litaendeleza somo. Litakuwa la polepole, lakini halitakuwa na upungufu wowote wa fikra.

Mazoezi

1. Mafuta yakiongezwa kutoka gramu 10 hadi 20 katika mlo wa mfano, ni jumla zipi zitabadilika, na kwa kiasi gani?

2. Protini ya mahindi ina takriban miligramu 28 za laisini kwa kila gramu, na ya maharage 68. Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 45. Linganisha ugali mtupu na ugali kwa maharage wa mlo wa mfano.

3. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 limekaushwa mpaka asilimia 13.5. Tafuta uzito wake mpya.

Majibu: (1) Nguvu peke yake, kwa kilokalori 88. (2) Ugali mtupu, 28, haufikii. Pamoja na maharage, takriban 46.5, unafikia. (3) Takriban kilo 85.3.