Muhogo Mchungu: Usifupishe Hatua za Kuuandaa Msimu wa Kiangazi

Muhogo huvumilia ukame kuliko mahindi, na ndiyo maana familia nyingi za Pwani huutegemea mvua inapokosekana. Hata hivyo, ukame huohuo huongeza sumu iliyomo ndani ya muhogo. Hatari huzidi pale ambapo familia yenye njaa huufikisha mezani bila kumaliza hatua za kuuandaa.

Sumu hutoka wapi?

Mmea hauwezi kumkimbia adui, kwa hivyo hujilinda kwa kemikali. Ya muhogo huitwa linamarini. Huundwa hasa kwenye majani, kisha husafirishwa hadi mizizini. Haiudhuru mmea wenyewe kwa kuwa huhifadhiwa ndani ya seli, mbali na kimeng'enya kinachoivunja. Mnyama anapotafuna, seli hupasuka, vitu hivyo viwili hukutana na sumu ya sayanaidi hutokea. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima hupanda muhogo mchungu: nguruwe mwitu na nyani huuogopa.

Muhogo mtamu una sumu kidogo na ule mchungu una nyingi, lakini ladha pekee si kipimo cha kutegemewa. Majani na maganda huwa na sumu nyingi kuliko nyama ya ndani.

Madhara yake

Mwezi Septemba 2017, watu 98 waliugua na wawili wakafariki katika wilaya ya Kasese, Uganda, baada ya kula chakula cha unga wa muhogo uliokuwa na sayanaidi. Dalili ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa shida, na huanza saa chache baada ya kula.

Anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa wiki nyingi, bila vyakula vya protini, anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 waliugua kaskazini mwa Msumbiji, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Namna ya kuiondoa

Siri ni kuzipasua seli, kukipa kimeng'enya muda wa kufanya kazi, kisha kuiacha sayanaidi ipotee hewani. Kisamvu hutwangwa kabla ya kupikwa kwa sababu hiyo. Kuchemsha muhogo mchungu mzima hakutoshi, kwa kuwa moto hukiharibu kimeng'enya mapema na linamarini hubaki.

• Muhogo mtamu: menya, osha, katakata, chemsha kwa maji mengi bila kufunika sufuria, kisha umwage maji hayo.
• Muhogo mchungu: menya, loweka kwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, mwaga maji, ponda, kausha juani hadi ukauke kabisa, ndipo usage.
• Unga wenye shaka: uchanganye na maji hadi ulowe wote, utandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, kisha usonge ugali siku hiyohiyo.
• Kula muhogo pamoja na maharagwe, samaki au mayai. Protini husaidia mwili kuivunja sayanaidi.
• Usiwape mbuzi au ng'ombe maganda mabichi. Vilevile, usiwalishe machipukizi ya mtama yaliyotoka baada ya ukame. Nayo huwa na sayanaidi.

Kiwango cha kimataifa kinachoruhusiwa katika unga wa muhogo ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kila kilo. Macho hayawezi kukiona kiwango hicho, kwa hivyo mnunuzi amwulize muuzaji unga ulivyoandaliwa.

Mkazi anayetaka mbegu ya muhogo mtamu amwone afisa wa kilimo wa wadi yake. Mtu akionyesha dalili zilizotajwa baada ya kula muhogo, apelekwe hospitali mara moja, na chakula kilichosalia kihifadhiwe kwa uchunguzi.