Kalenda ya Pamba Kabla ya Maabara

Swali: Chuo chetu kinaanzisha kituo cha utafiti wa afya ya mazingira kitakachohudumia Mkoa wa Simiyu. Mratibu aanze na maabara?

Jibu: Aanze na kalenda ya pamba. Wakulima wa Bariadi, Maswa na Meatu mkoani humo hupanda kuanzia katikati ya Novemba, kisha hupulizia dawa. Viuatilifu vya oganofosfeti hudhoofisha kimeng'enya cha kolinesterasi kwenye damu, nacho hurejea polepole kwa wiki au miezi. Bila kipimo cha kabla ya kupulizia, cha baadaye hakina cha kulinganishwa nacho. Kwa hiyo kibali cha maadili, fedha na wapimaji viwe tayari kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Wapo watakaosema bila maabara Bariadi hakuna kituo. Sikubaliani nao: sampuli husafirishwa kwa ubaridi hadi Mwanza, lakini iliyokosa tarehe haiokolewi na mashine yoyote. Ni kweli kipimo hiki cha kolinesterasi hakioni viuatilifu vya pairethroidi, navyo pia hupulizwa kwenye pamba. Ndiyo maana daftari la dawa za kila mkulima lina uzito sawa na damu yake. Majibu nayo yamfikie kabla ya msimu mwingine. Asipoyapata, ana haki ya kukataa sindano ya pili.